Bendi ya kuenzi Queen: turudie Wembley 1986 kama ilivyokuwa, au tupange onyesho letu?

BesiNzito (mwanzisha uzi)
Wakuu, naombeni ushauri. Bendi yetu inapiga nyimbo za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na ina watu wanne: mwimbaji anayepiga piano, gitaa, besi na dramu. Tuna dakika 90 kwenye ukumbi wa watu 300. Wawili kati yetu wanataka turudie tamasha la Queen katika uwanja wa Wembley, London, la 12 Julai 1986 wimbo kwa wimbo, na mavazi yake, na hata maneno ya mwimbaji wao Freddie Mercury kati ya nyimbo. Wengine tunaona huko ni kujifunga kamba. Mnashaurije?

Sauti_ya_Tatu
Mkuu, kwanza amueni mnataka kuwa waaminifu kwa rekodi au kwa tamasha. Kwa Queen hivyo ni vitu viwili. Studio walirundika sauti tabaka juu ya tabaka. Jukwaani mzigo wa kuimba ulikuwa wa Mercury, Brian May (gitaa) na Roger Taylor (dramu). Freddie mwenyewe alikuwa akikwepa baadhi ya nota za juu, anapita njia ya chini, na Taylor anapanda juu yake. Mwimbaji wenu akifuata tamasha, koo litamfikisha mwisho. Akifuata rekodi kwa dakika 90, atakwama njiani.

Halafu pigeni hesabu. Wembley ilikaribia saa mbili. Na hawakuwa wanne tu: Spike Edney alikuwa nao kwenye vinanda tangu 1984. Orodha ya 1986 haina Don't Stop Me Now, na The Show Must Go On ilitoka 1991, wakati Freddie alishapanda jukwaa na Queen kwa mara ya mwisho huko Knebworth, 9 Agosti 1986. Wasikilizaji wengi watakuja wakizisubiri hizo mbili.

FundiMitambo
Naongezea upande wa sauti, maana hapo ndipo onyesho linapoharibika.

Bohemian Rhapsody: ikifika sehemu ya opera, Queen walikuwa wakitoka jukwaani, mkanda unapigwa, kisha wanarudi na gitaa. Fanyeni hivyo hivyo, ila rekodini sauti zenu wenyewe. Kukata kipande cha rekodi ya asili kunaleta suala la hakimiliki, tena piano yenu inaweza isilingane nacho hata kwa robo ya nota, na sikio linalisikia hilo papo hapo. Tengenezeni faili la njia mbili: kushoto muziki, kulia kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) ya mpiga dramu peke yake, masikioni. Aanzishe yeye kwa pedali, si fundi wa sauti kutoka nyuma ya ukumbi. Kabla ya gitaa kurudi wekeni mapigo manne ya kliki. Bila hayo mmoja ataingia mapema na wengine watamfukuza. Na faili lishushwe kidogo, kama desibeli 3. Lisipopungua, bendi ikirudi inasikika ndogo kuliko mkanda wake.

Radio Ga Ga nayo ina mstari wa kinanda unaojirudia mwanzo hadi mwisho. Bila mtu wa tano, nao uwekwe kwenye faili lenye kliki.

NyuziSita
Gitaa la May lina pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) tatu zilizofuatana kwenye waya mmoja, kila moja na swichi ya kuwasha na swichi ya kugeuza fezi, yaani kupindua mawimbi ya sauti yake. Gitaa la kawaida huziunganisha sambamba, kwa hiyo hata ukinunua ampu aliyotumia May, Vox AC30, ule mlio wa puani hautoki. Fundi anaweza kubadili waya. Mbele ya ampu weka kiongeza treble (sauti za juu), kisha punguza au ongeza ukali kwa kitasa cha sauti kwenye gitaa. Tatizo ni kwamba AC30 ikifunguliwa yote kwenye ukumbi wa watu 300 itameza maikrofoni zote. Weka kipunguza nguvu kati ya ampu na spika, au igeuze itazame ukuta.

Mwitikio
Mimi nipo upande wa wanaotaka uaminifu, ila kwa mpaka. The Musical Box, bendi ya kuenzi kutoka Kanada, hurudia maonyesho ya bendi ya Genesis ya miaka ya 70 hadi mavazi na slaidi, na inafaa, kwa sababu maonyesho yale yalikuwa tamthilia iliyopangwa. Dark Star Orchestra, nao bendi ya kuenzi, huchukua orodha ya nyimbo za usiku mmoja wa bendi ya Grateful Dead, lakini magitaa yanajitungia papo hapo, kwa kuwa Grateful Dead wenyewe walijitungia. Kilichopangwa kinarudiwa, kilichozaliwa usiku ule hakirudiwi.

Ule mwito wa Freddie na umati, yeye anaimba kipande na watu wanakirudia, ni wa aina ya pili. Aliwasikiliza wanavyojibu kabla ya kutupa kipande kingine. Mwimbaji akikariri vipande vyote wakati ukumbi umejibu kwa unyonge, ukimya unaofuata unauma. Aanze na vifupi vya nota tatu, apande wakijibu vizuri, aache wakilegea.

BesiNzito
Nimewasoma wote, asanteni. Kwa hiyo Wembley yote tuiache?

Sauti_ya_Tatu
Chukueni onyesho la Queen kwenye Live Aid, tamasha la hisani la 13 Julai 1985: dakika 21 tu, nyimbo sita. Ipigeni kwa utaratibu wake kama sehemu ya mwisho, na dakika 69 za mwanzo ziwe zenu, pamoja na Don't Stop Me Now na The Show Must Go On. Sehemu ya opera haimo kwenye Live Aid, kwa hiyo kama mnataka faili la fundi, Bohemian Rhapsody nzima ifunge sehemu ya kwanza.

Mwitikio
Naafiki. Msirudi kupiga wimbo mwingine baada ya We Are the Champions, wimbo wa mwisho wa Live Aid.

FundiMitambo
Na kuhusu video ya nyuma ya jukwaa: msitumie picha za tamasha lenyewe bila ruhusa. Leseni ya ukumbi ya kupiga nyimbo hadharani haigusi picha wala nembo ya bendi. Taa za kuelekea watu zinatosha. Ziwasheni kwenye kiitikio cha Radio Ga Ga, waone mikono ya wenzao ikipiga makofi mawili mawili.