Siku nane Pemba peke yangu: mpango huu umekaa sawa?

mfamasia_dom

Habarini za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaoijua Pemba, hasa wenyeji.

Nina likizo ya siku nane mwezi wa tisa. Nina miaka 41, nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Dodoma, na kwa miaka miwili likizo zangu zote zilikuwa za kumuuguza mama. Alhamdulillah sasa anatembea mwenyewe mpaka sokoni, na ndiye aliyeniambia, "Nenda mahali ukapumzike, na usirudi na habari za kazi." Pemba nimeichagua kwa sababu ya picha moja ya msitu wa Ngezi: mti mkubwa ambao mizizi yake imesimama kama kuta, na mtu mzima kaingia katikati yake anaonekana kama mtoto. Picha hiyo haijanitoka. Nataka miti, ndege na bahari. Sitaki muziki wa ufukweni wala msafara wa watalii.

Nimepanga hivi. Siku ya kwanza boti kutoka Unguja mpaka Mkoani, nalala hapo. Ya pili kisiwa cha Misali. Ya tatu Chake Chake na magofu ya Pujini. Ya nne Kidike kuona popo. Ya tano Wete, ya sita Ngezi, ya saba ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ya nane narudi. Karibu kila usiku nalala pengine, maana nataka nikizunguke kisiwa chote.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba sijui kuogelea kabisa, na sijawahi kusafiri peke yangu bila kwenda kwa ndugu. Je, siku nane zinatosha?

mzawa_wa_wete

Karibu sana kwetu dada, na mama Mwenyezi Mungu amzidishie afya.

Siku nane zinatosha. Lakini kwa mpango huo utakuwa unahama, hutakuwa unapumzika. Pemba kwenye ramani ni ndogo, urefu wake haufiki kilomita 70, ila si tambarare kama Unguja. Ni vilima na mabonde, barabara inapanda, inashuka, inakunja, na gari ya abiria husimama kila penye mkono ulionyooshwa. Ukibeba begi kila asubuhi nusu ya siku itaishia njiani. Lala pahala pawili tu: Chake Chake usiku nne, kisha kaskazini upande wa Konde usiku tatu. Mkoani shuka uendelee na safari. Wete njoo asubuhi moja, utembee, urudi.

La pili ndilo hasa lililonifanya niandike: usipange siku hata moja kabla hujatazama mwezi. Huku mwenye ratiba ni maji. Chukua kalenda ya Kiislamu, na hapa nikisema mwezi mosi au mwezi nane nina maana ya tarehe zake. Mwezi mosi na siku mbili tatu zinazofuata, tena mwezi kumi na nne mpaka kumi na saba, ni bamvu. Maji hutoka mbali mno na hurudi kwa nguvu, na tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kupita mita tatu. Siku hizo hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Mwezi nane, tisa, na tena mwezi ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu. Bahari haitoki sana wala haiingii sana, na saa zimegeuka: ile saa nne ya asubuhi inaikuta imejaa.

Kwa mtu aliyekuja kutazama viumbe hili ni jambo kubwa. Ukitaka kutembea mwambani uone nyota za bahari, majongoo ya baharini, na kinamama wanaochokoa pweza na chaza, njoo na bamvu. Ukitaka kukaa kwenye mtumbwi upite taratibu kati ya mikoko, unataka maji yaliyojaa, na siku za bamvu hiyo ni jioni, jua limeshapoa. Mtu akija na maji mafu akaambiwa "mwamba utauona kesho", kesho haitakuwa tofauti. Nimewaona wageni wakiondoka na huzuni kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Kwa hiyo kama likizo inaweza kusogea siku tatu nne, isogeze ikutane na mwezi mchanga au mwezi mpevu.

Misali usiiache. Ni hifadhi tangu mwaka 1998 na kasa wanapanda kutaga pale. Kutoogelea kusikuzuie, ila ndani ya chombo uvae jaketi la kuokolea tangu unapanda mpaka unashuka, na kama nahodha hana la kukupa, tafuta nahodha mwingine. Mkishuka Mbuyuni, kuna njia za miguu zinazopita msituni, na miamba, na mikoko. Wazee wanasimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana. Akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea Kibla. Ndiyo jina lake.

Ngezi ingia mara mbili. Mara ya kwanza asubuhi mapema, na ukifika ndani simama badala ya kutembea. Msitu ule ni baki la misitu iliyofunika kisiwa kabla ya mashamba ya mikarafuu. Muombe anayekuongoza akuoneshe mpapindi, mti jamaa ya mnazi, mwembamba, shina lake la kijani lina pete pete. Kwa asili hauoti popote duniani isipokuwa hapa. Mara ya pili rudi usiku, lakini lipange mapema pale getini, umsikilize bundi wa Pemba. Ni mdogo, urefu wake haufiki sentimita 20, na sauti yake ni "hu" moja, kimya, "hu" nyingine, kisha mwenzake anaitika kutoka upande wa pili. Huku wazee wengi hawapendi kumsikia bundi karibu na nyumba. Mimi nilimzoea nilipokuwa naenda shamba na babu, na hadi leo sauti ile inanituliza.

Pujini sikushauri uitie siku nzima, asubuhi moja inakutosha. Vumawimbi kuzuri kuliko maneno, mchanga mweupe umepinda na nyuma yake ni miti tu, lakini usiende peke yako. Mchukue kijana au mama wa kijiji cha karibu mkubaliane malipo, na simu na fedha nyingi ziache mlipofikia.

Na mwezi wa tisa ukibahatika utakuta karafuu zimeshaanza kuchumwa. Jioni utaona watu barazani wanachambua: mkono mmoja umeshika kishada, kinasuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaangukia huku na makonyo yanatupwa kule. Vidole vinabaki vyeusi na harufu haitoki kwa sabuni. Salimia, ukikaribishwa kaa uchambue nao. Asubuhi zinaanikwa juani kwenye majamvi pembeni ya barabara, harufu inaingia mpaka ndani ya gari.

bi_mchaichai

Mdogo wangu, mimi nimekwenda Pemba peke yangu mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na miaka 56. Usiogope. Vaa nguo pana zinazofunika mabega na magoti, beba mtandio na kanga mbili, na ukiingia popote anza na salamu ndefu. Swali "umekuja na nani?" utaulizwa kila siku. Mimi nilikuwa najibu ukweli, na kila nilipojibu nilipata mtu wa kunisindikiza. Mwenye nyumba mwambie asubuhi unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Siku moja nilichelewa, akamtuma mwanawe anisubiri kituoni.

Yote aliyosema kaka kuhusu maji ni kweli, na naongeza lililonipata. Ilikuwa bamvu, upande wa mashariki, nikafuata konokono na nyota za bahari hata sikujua nimefika mbali kiasi gani. Mbele yangu kulikuwa kukavu kabisa, nikajiona salama. Sikujua kwamba maji yakianza kurudi hayaji kutoka mbele peke yake, yanapita kwanza kwenye mkondo ulioko kati yako na nchi kavu. Nilipogeuka, pale nilipovuka yakiwa kwenye vifundo vya miguu yalikuwa yamefika kiunoni na yanavuta. Kinamama wawili waliokuwa wanachokoa walinishika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, tukavuka. Mimi ninaogelea na bado niliogopa. Wewe usiyeogelea usitoke mwambani bila mwenyeji, na kinamama wakianza kufunga vikapu, ondoka nao hapo hapo. Usisubiri kuona maji.

Viatu: vya mpira vilivyofungwa, si ndala. Wale shokishoki weusi wa baharini miba yao inapita ndala.

baharia_mstaafu

Kuhusu boti. Mwezi wa tisa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, inaanza kupungua lakini haijaisha, na kipande cha kati ya Unguja na Pemba kina mawimbi ya haki. Kaa ghorofa ya chini, upande wa nyuma, karibu na katikati ya chombo, utazame nje. Dawa ya kichefuchefu unaijua kuliko sisi, imeze kabla hujapanda. Ukiona tumbo haliwezi, kuna ndege ndogo zinatua Chake. Na siku ya kurudi usiifunge kwa saa, acha usiku mmoja Unguja kabla ya kuelekea bara, maana bahari ikichafuka safari huahirishwa.

mfamasia_dom

Kaka, bi mkubwa, baharia, nimesoma majibu yenu mara tatu, na ya mwisho nilimsomea mama kwa sauti. Likizo nimeisogeza siku nne, sasa naingia Pemba mwezi kumi na tatu na kutoka mwezi kumi na tisa. Nimefuta Mkoani na Wete kama mahali pa kulala. Chake usiku tatu, Konde usiku tatu, mmoja wa mwisho Unguja. Asubuhi ya bamvu mwambani pamoja na kinamama, jioni yake mikoko. Mama ameuliza habari ya bundi kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ukimsikia, niombee dua."

Limebaki swali moja. Kidike niende saa ngapi? Nimesoma kwamba popo hawa wako Pemba tu, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki wachache mno. Nisingependa kuwasumbua.

mzawa_wa_wete

Nenda saa kumi jioni dada, siku ambayo huna mikoko. Mchana wananing'inia juu mitini wamejifunika mabawa, ila hawalali kimya, wanagombana na kujipepea. Ukiwa na darubini utaona uso wa hudhurungi kama wa mbwa mdogo, na bawa likifunguka juani unaona mishipa yake. Mabawa mawili yakinyooka yanapita mita moja na nusu. Watu walikuwa wakiwawinda kwa nyama. Pale Kidike ni wanakijiji wenyewe walioamua kuwalinda, na kiingilio unacholipa kinabaki kijijini.

Usipige makofi wala usikubali mtu awarushie kitu ili waruke upate picha. Subiri. Jua likizama wataanza kutoka mmoja mmoja, halafu makundi, kuelekea kwenye miembe na mishelisheli. Simama uwanjani, mbali kidogo na miti, ukiwa umetazama magharibi, utawaona weusi juu ya wekundu wa mbingu. Gari ya kurudi Chake magharibi hiyo ni ya shida, kwa hiyo mwenye bodaboda aliyekupeleka mwambie akusubiri, na umlipe akishakufikisha.