Mkonga wa nati tano: 235/85R16, 265/75R16 au 285/75R16?

Nyumbu_Kusini
Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la hewa linalopanda ubavuni), tairi zake 7.50R16 zimeisha na mwisho wa mwezi nanunua tano mpya. Dukani zipo 235/85, 265/75 na 285/75 (upana wa tairi kwa mm, kisha kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo), zote za rimu 16. Macho yangu yapo kwenye 285. Nichukue ipi?

FundiChasisi
Mkuu, hujataja upana wa rimu, na jibu lote linategemea hapo. "16" ni kipenyo tu. Angalia maandishi yaliyochapwa kwenye rimu. Kama kutu imeyala, toa tairi upime kutoka ukuta wa ndani wa ukingo mmoja hadi ukuta wa ndani wa ukingo wa pili. Ukipima nje kwa nje unaongeza karibu inchi nzima. Na unabeba nini?

Nyumbu_Kusini
Imeandikwa 16x5.50F, yaani upana wa inchi 5.5, rimu ya chuma yenye ringi ya kufuli (pete inayotolewa ili tairi livuliwe). Nabeba wageni sita na mizigo yao, barabara za vumbi zenye mawimbi, na masika tunaingia udongo mweusi.

FundiChasisi
Basi kati ya hizo tatu hakuna inayokaa hapo kihalali. 7.50R16 inataka rimu ya upana wa inchi 5.5 hadi 6.5. 235/85 inataka 6 hadi 7.5, 265/75 inataka 7 hadi 8, 285/75 inataka 7.5 hadi 9. Ama unarudia 7.50R16, ama unanunua rimu kwanza, tairi baadaye.

Mama_Gereji
Asikudanganye mtu kwamba "itaingia tu". Kuingia itaingia, tatizo linaanza barabarani. Kuna mkonga uliofungwa 265/75 kwenye rimu hizohizo za 5.5, na tyubu ndani. Kingo za tairi zikabanwa karibu, uso ukavimba katikati kama mgongo wa kobe, meno ya kati yakaisha huku ya pembeni yakiwa mapya. Dereva akadhani upepo umezidi, akashusha hadi psi 20 (psi ni kipimo cha upepo) akiwa na mzigo kamili. Hapo ndipo alipoua tairi. Kuta zilizokwisha kubanwa zikawa zinajikunja kila mzunguko, joto likapanda, tyubu ikasuguana na tairi hadi ndani kukajaa unga mweusi wa mpira. Ya nyuma kushoto ikateleza juu ya rimu, tyubu ikavutwa na valvu ikang'oka shinani. Upepo wote ulitoka mara moja. Ukiona unga ule ukifungua tairi, usiirudishe, hata kama nje inang'aa.

Vumbi_Jekundu
Mimi nasimama na 235/85 kwenye rimu ya inchi 6.5 au 7. Kimo chake ni mm 806, karibu sawa na 7.50R16, kwa hiyo spedomita haidanganyi. Wembamba unaikata tope ifike chini penye ugumu. Tafuta yenye namba 120 ubavuni: kilo 1,400 kwa tairi moja, ikiwa na upepo wake kamili.

Kifaru4x4
Wembamba hauwasaidii wanaopita mchanga, mzee. Udongo mweusi ukiwa hauna sehemu ngumu chini, tairi nyembamba inazama mpaka ekseli ikae. 285 kwenye rimu ya 8J, yaani upana wa inchi 8, inaelea.

Vumbi_Jekundu
Kwenye mchanga shusha upepo ufike psi 18, sehemu ya tairi inayogusa ardhi inarefuka na inatosha. Na 285 ina kimo cha mm 834: kipimo kikisoma 100 unakwenda 103 na ushee, gia zinakuwa nzito, halafu ardhini unapata mm 14 tu za ziada.

FundiChasisi
Ongezeni ET kwenye hesabu, yaani umbali kwa mm kati ya katikati ya rimu na pale inapofungwa kwenye habu; ET ikiwa ndogo rimu inatokeza nje zaidi. Ukitoka 7J ET30 kwenda 8J ET0, ukingo wa nje unasogea nje mm 43. Beringi za mbele zinabeba mzigo mkubwa zaidi na stelingi inavutwa kila ukigonga jiwe. Na rimu pana kupita kiasi nayo ina ubaya wake: ubavu unavutika, ukingo wa rimu unabaki wazi kwa mawe, na ukishusha upepo tairi inachomoka kirahisi.

Nyumbu_Kusini
Kuna mtu anauza rimu za Land Cruiser 100, 16x8J, nati tano. Zinaingia?

FundiChasisi
Nati zinaoana, 5x150 (nati tano kwenye duara la kipenyo cha mm 150), tundu la katikati mm 110. Lakini ET yake ni 60, inakaa ndani sana. Kata stelingi hadi mwisho pande zote mbili uangalie nafasi kati ya tairi na fimbo za ekseli ya mbele. Usisogeze rimu nje kwa spesa (vipande vya kuweka kati ya rimu na habu) za bei rahisi. Na kama ni za aluminiamu, nati zake ni za washa bapa. Za koni za rimu ya chuma hazikai.

Mama_Gereji
Na 235/85 usiweke hapo, 8J imezidi mwisho wake wa 7.5. Kwa rimu hizo ni 265 au 285. Unapozivua za zamani, chomoa sindano ya valvu, upepo uishe kabisa kabla hujagusa ringi ya kufuli. Ringi ile ikiruka inaua.

Kifaru4x4
Hizo 8J zisizo na tyubu, ukingo ukipinda porini utaunyoosha na nini? Rimu ya ringi unaifungua kwa vyuma viwili vya kuvulia tairi na nyundo.

Vumbi_Jekundu
Rimu ya chuma ya kipande kimoja pia inanyooshwa kwa nyundo, na pancha ya msumari unaiziba kwa utambi bila kuvua tairi. Nyumbu, spea nayo inabadilika au inabaki 7.50?