Naenda Uingereza kusoma Kiingereza, nitakaa kwa familia ya watu. Mliowahi kuishi hivyo nisaidieni

MtuWaNyegezi
Wakuu habarini. Mwezi wa 9 naenda Bournemouth kozi ya Kiingereza miezi sita, chuo wamenipangia familia ya kukaa, chai ya asubuhi na chakula cha jioni vimo kwenye malipo, mchana najitegemea. Sijawahi kulala kwa watu nisiowajua zaidi ya siku mbili, na hapo ilikuwa msibani Sengerema. Mama ananisisitiza nikae kwa adabu, nisizoeezoee nyumba ya watu. Sasa hao wazee niwaite nani? Nikishikwa na njaa usiku nafanyaje? Halafu anataka nibebe dagaa wa Kirumba, michembe ya viazi vitamu na samli, ni sawa kweli?

DadaWaMabatini
Mdogo wangu hongera. Mimi nilikaa kwa familia Brighton kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 12, na hiyo adabu anayoisema mama yako ndiyo iliyonitesa. Siku ya kwanza mwenye nyumba kaniuliza kama naongeza viazi nikasema hapana asante, si unajua huku kwetu unakataa kwanza halafu unabembelezwa, basi yeye akachukua bakuli akalifunika na foili akaliweka kwenye friji, yameisha. Na hapo ni saa kumi na mbili jioni, ndio mpaka kesho asubuhi. Karibu wiki nzima nalala na njaa kwenye nyumba yenye chakula. Sio uchoyo, kwao hapana ni hapana, kwa hiyo ukitaka sema ndiyo hapohapo.

Lingine, nilikuwa nikitoka darasani naingia chumbani nafunga mlango nisiwasumbue. Mwezi wa 11 huko kufika saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, unakaa humo peke yako unawaza nyumbani tu. Siku moja akanigongea akaniuliza, kuna mtu humu ndani kakukosea? Machozi yalinitoka. Kumbe ukimya wangu wao waliuona kama kinyongo. Kuanzia hapo nikawa nashuka jikoni namenya naye viazi, na Kiingereza changu kimetokea pale kwenye sinki zaidi ya darasani, kumenya, kusuuza, chakula kushika chini, maneno ambayo mwalimu hana muda nayo.

Muite jina lake la kwanza kama atakavyojitambulisha. Ulimi utagoma maana ana umri wa shangazi yako, jikaze tu. Na siku huli nyumbani tuma meseji mapema, wanaumia sana chakula kikipoa mezani.

IgomaKwetu
Niongezee. Mimi nilisomea Malta, kule Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, ila bibi niliyekaa kwake na wanawe walikuwa wakiongea Kimalta muda wote. Kinachekesha masikio kwa mtu wa Kiswahili maana kina asili ya Kiarabu, nilimsikia anahesabu mayai nikashika sitta, sebgħa, na kitabu wanaita ktieb. Bibi mzuri sana lakini Kiingereza nilikisikia kidogo. Kwa hiyo hata huko Bournemouth ulizia chuo mapema nyumbani wanaongea lugha gani na kama kuna wanafunzi wengine, omba usipangwe na mswahili mwenzako.

Pia kozi ya miezi sita wengi wanaingia kwa viza ya mgeni, na hiyo hairuhusu kazi hata ya kufagia, kwa hiyo hela ya chakula cha mchana utoke nayo huku.

MwaloniKirumba
Samli acha, nyama na maziwa ya huku hawaruhusu kuingiza. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusu, ila dagaa ukiwakaanga kwenye nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi, harufu inakaa kwenye makoti siku tatu. Omba ruhusa kwanza.

MtuWaNyegezi
Asanteni sana jamani, dada ubarikiwe. Nimemsomea mama hayo ya viazi, kauliza mara mbili, "ina maana hawakurudia kumkaribisha?" Samli kaitoa. Dagaa ndio yupo jikoni saa hizi anawakaanga kabisa huku huku.