Tovuti nimelipia mimi, kodi ni za nani?

MamaShughuli: Wakuu habari. Mwaka jana nilimpa kijana wazo langu la tovuti ya kukutanisha wapishi wa shughuli na wenye sherehe. Bei milioni moja na nusu, tukakubaliana kwa mdomo na WhatsApp tu. Juzi naiona tovuti nyingine, mpangilio uleule, hata "sahni" niliyokosea kuandika imehamia huko. Mwenye haki ni mimi mwenye wazo au yeye aliyeandika kodi, yaani zile code zinazoendesha tovuti? Hawa madevelopa hawana tofauti na fundi cherehani, unampeleka mita sita zinarudi nne.

JichoLaTai: Kodi ni za TRA, dada 😂

Kibodi255: Fundi cherehani? Miaka minne chuo, usiku tunakesha na bando la kukopa, leo tunaitwa fundi cherehani. Na kwa taarifa yako, dunia nzima kodi ni za aliyeziandika.

Wakili_Mtaani: Polepole. Wazo peke yake halina hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hapa Tanzania inalinda kazi iliyokwisha kufanywa, programu za kompyuta zikiwemo. Wazo la wapishi na sherehe hata mimi naweza kulifanya kesho. Kunakili kodi na maandishi yako ni jambo lingine, na hiyo "sahni" ni ushahidi mzuri.

Wa_Thika_Road: Kibodi, dunia gani hiyo? Huku Kenya, sheria yetu ya 2001 inasema kazi ikiagizwa, haki inahamia kwa aliyeagiza, ila kama mlikubaliana vingine.

MzeeWaHoja: Wazo halilindwi? Mbona Makate, yule jamaa wa "Please Call Me", zile meseji za bure za "nipigie", aliwashinda Vodacom Afrika Kusini?

Wakili_Mtaani: Makate hakushinda kwa hakimiliki, mzee. Mkurugenzi mmoja wa Vodacom alimwahidi kwa mdomo kwamba atalipwa, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasema ahadi ile inaifunga kampuni. Ndiyo maana nasema mama asifute zile meseji.

MzeeWaHoja: Bado alikuwa na wazo.

Cherehani_Kkoo: Samahani, nimechelewa, nilikuwa kwenye mashine. Mita sita zinarudi nne? Umewahi kuona marinda yanavyokula kitambaa? Mnaleta picha ya nguo ya watu wa Lagos, mnataka itoke kwenye kitenge cha doti moja, halafu mwizi fundi.

JichoLaTai: Fundi, mimi shati langu la Idi uliniambia "njoo kesho" mpaka ikaja Idi nyingine.

Cherehani_Kkoo: Siyo mimi huyo. Mimi nina mashati kumi na moja hapa yananing'inia, wenyewe wametoa advansi wakapotea. Mwenye shati anaitwa mteja, mimi naitwa mwizi.

Kibodi255: Fundi, hapo naomba nikupe mkono. Mteja anakwambia "ongeza kakitu kadogo tu" mara saba, bei ileile, siku ya kumalizia simu haipokelewi.

Wa_Thika_Road: Kwani domeni, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani? Hilo ndilo la kuuliza kwanza. Ukiwa na kodi bila domeni, umebaki na funguo za nyumba ya watu.

MamaShughuli: Domeni iko kwa jina lake. Alisema ataihamisha tukimalizana.

Wakili_Mtaani: Mkimalizana nini?

MamaShughuli: Nilimpa laki tisa. Zilizobaki nilimwambia asubiri tuone kwanza kama wateja wanakuja.

Kibodi255: 🙆🏾‍♂️ Laki sita za mtu!

MamaShughuli: Ndo anakili tovuti yangu?

Wakili_Mtaani: Hapana, hana ruhusa hiyo. Ila ukienda kudai, jambo la kwanza atakaloulizia ni hizo laki sita. Na safari nyingine andikeni, hata ukurasa mmoja: kodi za nani, domeni kwa jina la nani, hela ya mwisho lini.

MzeeWaHoja: Makate alikuwa na wazo, narudia.

Cherehani_Kkoo: Kibodi, mie nataka katovuti ka duka langu, picha za mishono na namba ya simu basi. Advansi unachukua ngapi?

Kibodi255: Nusu. Na domeni nakuandikisha kwa jina lako mbele ya macho yako.

Cherehani_Kkoo: Njoo kesho.