Rubani wa vita aliyetokea Dar es Salaam

Mkaazi wa Mkunazini: Assalamu alaykum. Marehemu babu, baharia wa Unguja, akimtaja Mzungu wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam aliyekwenda kurusha ndege za vita. Ni nani?

Mpemba wa Wete: Wa alaykumu ssalaam. Nadhani ni Roald Dahl wa Shell, aliyejiunga na jeshi la anga Nairobi mwaka 1939. Septemba 1940 ndege yake ya Gladiator ilianguka jangwani Misri, fuvu likapasuka, macho yakavimba asione kwa wiki kadhaa, na bado Aprili 1941 alipigana Ugiriki kwa ndege ya Hurricane.

Bi Forodhani: Maumivu ya kichwa yalimwondoa angani, akawa mwandishi wa hadithi za watoto. Kinachonigusa zaidi, mwanawe alipoumia kichwa mwaka 1960, alishirikiana na daktari na fundi kubuni vali ya kupunguza maji ya ubongo.