Mrejesho: malengo kwa mtu mzima mwenye ADHD na disleksia

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza: mtu mzima mwenye ADHD (hali ya ubongo inayofanya umakini na kuanza kazi kuwa vigumu) na disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) awekeje malengo yasiyoishia kwenye daftari? Haya ndiyo yaliyosaidia.

Lengo litokane na sababu ya mwenyewe. "Nisome zaidi" halishiki. "Niuelewe mkataba wangu kabla ya kusaini" lina uzito, na kuusikiliza kwa programu ya kusoma kwa sauti kunahesabika kabisa. Lirekodi kwa sauti, sekunde 30 zinatosha.

Kisha lifunge kwenye tukio. Ni ile mipango ya "ikitokea hivi, nafanya vile" aliyoieleza mwanasaikolojia Peter Gollwitzer mwaka 1999. Mfano: nikishaweka funguo mezani, nafungua ukurasa wa kwanza. Kwa ADHD hapa ndipo penye kazi, maana mara nyingi la kufanya linajulikana, kinachogoma ni kuanza. Hatua ya kwanza isizidi dakika 10. Ikigoma bado, kaa karibu na mtu anayefanya kazi zake kimya.

Shika lengo moja tu kwa wakati. Na kikumbusho kikishazoeleka jicho hukipita, kwa hiyo kihamishe au badilisha mlio mara kwa mara.