Death of the Author: ni riwaya moja au mbili?

Swali: Ndugu zangu, katika riwaya hii ya Nnedi Okorafor ya mwaka 2025, maisha ya Zelu, mwandishi wa Chicago anayetumia kiti cha magurudumu, yanapishana na kisa cha roboti aitwaye Ankara nchini Nigeria baada ya wanadamu kutoweka. Je, tuisome kama riwaya moja?

Jibu: Ndiyo, ndugu, kwa sababu kisa cha roboti ndicho kitabu kinachompa Zelu umaarufu, ingawa nakiri kwamba mimi nilivutiwa zaidi na ugomvi wa jamaa zake.

Jibu: Nakubali. Wasomaji wanamdai Zelu mwendelezo wa kitabu chake, na ndugu zake wanapinga anapokubali miguu ya mitambo, ilhali yeye anataka kujieleza mwenyewe. Mwisho, ambao sitaufichua, unakugeuzia swali lako.